Katikati Si Mizani

Mtu asimamaye katika mashamba ya viazi ya Bugeshi, huku juu wilayani Rubavu, Rwanda, akauelekeza uso wake kaskazini jioni isiyo na ukungu, huona mbele yake picha ambayo hakuna mchoraji aliyeipima kwa rula wala aliyeigawa kwa uzi, na ambayo hata hivyo ni vigumu kuongezwa au kupunguzwa kitu bila ya kuharibika. Kuliani kwake umekaa Karisimbi, mkubwa wa milima yote ya Virunga, wenye kimo cha mita 4,507, na mabega yake mapana yamejaza sehemu kubwa ya upeo. Karibu nao, upande wa Kongo, umechomoza Mikeno wa mita 4,437, mkali wa ncha. Kisha ardhi inashuka, mbingu inapata uwazi mkubwa, na kushotoni kabisa umesimama peke yake Nyiragongo, wa mita 3,470 tu, kilele chake kimekatika. Kwa hesabu ya ukubwa peke yake picha hii imeelemea kulia, na mwenye kupenda usawa angetamani kuhamisha mlima mmoja. Lakini usiku ambao moto umo ndani ya kasoko ya Nyiragongo, na wekundu wake umepanda juu ya moshi na mawingu, doa lile dogo la mwanga huishika milima miwili mikubwa ya giza ikatulia mahali pake, na jicho likaenda na kurudi baina ya pande mbili pasipo kuchoka.

Nimeitanguliza milima hiyo kwa sababu somo la mizani katika sanaa za kuonekana, nazo ni uchoraji, nakshi, ususi, ushonaji na uandikaji wa vibao, limeharibiwa na dhana moja iliyoenea toka shuleni hata madukani, ya kwamba kitu kikiwekwa katikati na pande zake mbili zikafanana basi kimekwisha kupata mizani, na kisipowekwa hivyo kimeikosa. Matokeo yake tunayaona kila siku katika barabara ipandayo huku kutoka Gisenyi: jina la duka katikati, picha ya chupa ya soda katikati chini ya jina, namba ya simu katikati chini ya chupa, na chini kabisa, kwa herufi zilizobanwa hadi zikashikana, orodha ya kila bidhaa iliyomo ndani. Kila kimoja kimewekwa katikati kwa uangalifu mkubwa, na kibao kizima hakisomeki. Maneno yangu basi ni kwa fundi wa vibao, msusi, mshonaji, mwalimu wa sanaa, na yeyote anayekabidhiwa dhamana ya kupamba ukumbi wa arusi au kupanga ukurasa wa tangazo. Nami namsihi ajifunze kwanza kupima uzito wa vitu machoni, ndipo aamue pa kuviweka.

Uzito huo si ule wa kilo. Juu ya karatasi au ukuta kuna nguvu ya kitu kulivuta jicho, na nguvu hiyo ina sababu zinazojulikana. Kikubwa huvuta kuliko kidogo, jambo lisilohitaji ushahidi. Cheusi juu ya cheupe huvuta kuliko kijivu juu ya cheupe, kwa kuwa jicho hufuata tofauti. Nyekundu iliyokolea huishinda samawati iliyofifia ya eneo lile lile, na mahali palipojaa nakshi hupashinda mahali palipo laini. Kitu kilichoachwa peke yake ndani ya uwazi hupata heshima ambayo kisingeipata kikiwa kimesongwa na wenziwe. Na fauka ya hayo yote, uso wa binadamu, hasa macho yake, na kadhalika maandishi kwa mtu ajuaye kusoma, vina uzito usiolingana kabisa na eneo vinalolichukua: chora uso mmoja wa ukubwa wa sarafu pembeni mwa ukuta mzima wa maua, na kila aingiaye ataanza kwa ule uso, seuze ukiwa unamtazama.

Kisha kuna umbali, na hapa wanunuzi wa viazi watanielewa upesi kuliko wanafunzi wa sanaa, maana wao wanaijua mizani ya fimbo, ile iningʼinizwayo kwa ndoana iliyo karibu na ncha moja, gunia likafungwa upande mfupi na kipande kidogo cha chuma kikasogezwa taratibu kwenye mkono mrefu mpaka fimbo ikalala sawa. Gunia zito hutulizwa na chuma chepesi kwa sababu chuma kimepelekwa mbali na ndoana. Picha nayo ina ndoana yake, mahali karibu na kitovu. Kitu kizito kikikaa jirani na hapo, kitu kidogo kilichopelekwa ukingoni upande wa pili chatosha kukikabili, na hiyo ndiyo sababu ya doa la moto la Nyiragongo kuiweza kazi yake. Fundi aliyeifahamu kanuni hii ameuepuka utumwa wa kutafuta vitu viwili vilivyo sawa.

Asiyesadiki na ajaribu kwa mkasi. Rudolf Arnheim, mwanasaikolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alikifungua kitabu chake cha mwaka 1954 juu ya sanaa na kuona kwa mfano wa mraba mweupe na duara jeusi lililowekwa kando kidogo ya kitovu, akaonyesha kwamba duara lile halitulii machoni: mara laonekana linataka kurudi katikati, mara lataka kukimbilia ukingoni. Kata mraba wa karatasi wa sentimita 20 kila upande, kata duara jeusi la sentimita 4, uliweke hivyo, uone mwenyewe. Baada ya hapo kata kipande chekundu kisichozidi ukucha wa kidole gumba, ukakitembeze upande ulio mkabala: karibu na duara hakifai kitu, katikati kinaleta ugomvi, lakini kipo mahali pamoja, aghalabu kuelekea pembe ya mbali, ambapo duara na kipande vyote viwili hunyamaza. Usigundishe kitu kabla ya hapo. Na mwalimu mwenye darasa la watoto hamsini na asiye na rangi hata kopo moja aweza kulifanya zoezi hili kwa magazeti ya zamani, nalo litawafaa kuliko kunakili maua ubaoni kwa muhula mzima.

Sisemi kwamba mizani ya pande zinazofanana ni ya kudharauliwa. Ina mahali pake, na mahali pake ni penye taadhima. Mlango wa nakshi wa Lamu au Unguja una miimo miwili iliyochongwa sawasawa na kizingiti cha juu kilichojaa maua, na mwenye nyumba aliyeuagiza alitaka mgeni asimame mbele yake na kukiri, kabla ya kupiga hodi, kwamba anaingia kwa watu wenye cheo. Mihrabu ya msikiti ni hivyo hivyo, na Leonardo da Vinci alipoichora Karamu ya Mwisho katika ukuta wa chumba cha kulia cha watawa wa Milano, mwishoni mwa karne ya 15, alimweka Yesu katikati kabisa, wanafunzi sita huku na sita huku, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa na kiongozi mmoja. Lakini utazame mlango ule wa pwani kwa karibu zaidi. Mfaa, yaani ubao uliosimama katikati, ambao mgeni hudhani ni mpaka ulio huru baina ya mbawa mbili za mlango, umepigiliwa kwenye ubawa mmoja tu. Ubawa huo ukifunguliwa, mfaa huondoka nao, na mlango uliodhaniwa kuwa sawa kwa sawa ukabaki na ubawa mmoja ulio mzito na mmoja ulio mtupu. Mafundi wa zamani waliweka usawa pale jicho lilipouhitaji, na kazi ya mlango wakaiachia ifuate haja yake.

Nembo ya Rwanda yatufundisha daraja iliyo baina ya hali hizi mbili. Katikati yake pana agaseke, kikapu chenye kifuniko cha umbo la pia, chini yake gurudumu la meno, juu yake jua, na pembeni ngao mbili. Lakini mimea inayokizunguka kikapu haifanani, kwani mmoja ni mtama na wa pili ni mbuni. Aliyeichora hakulazimika kuweka mtama huku na mtama kule. Alichokihitaji ni mimea miwili yenye kimo cha namna moja na wingi wa majani unaokaribiana, na macho yakaridhika. Hii ni njia njema kwa anayeogopa kuuacha usawa kwa mkupuo mmoja: weka umbo la jumla lifanane pande zote, kisha ubadilishe vilivyomo.

Bendera ya nchi hii yaonyesha safari yenyewe ikiwa imekamilika. Ile ya zamani, iliyotumika toka siku za uhuru hadi 2001, ilikuwa na mistari mitatu ya wima, nyekundu, manjano na kijani, na herufi R nyeusi katikati. Ilikuwa na usawa wote ambao rula yaweza kuutoa, na bila ya herufi ile isingetofautishwa na bendera ya Guinea. Mpya, iliyochorwa na Alphonse Kirimobenecyo na kupitishwa mwaka 2001, imeipa samawati nusu nzima ya juu, manjano robo, kijani robo, na jua lenye miale 24 limewekwa katika pembe ya juu iliyo mbali na mlingoti. Mara ya kwanza mtu aweza kushangaa kwa nini jua halikuwekwa katikati ya samawati, ambako lingependwa na kila mwalimu wa darasa la tatu. Funika jua kwa kidole, ulifikirie likiwa pale katikati: samawati yote iliyosalia huwa pambo la kulizunguka tu. Likiwa pembeni, uwazi ule mkubwa unakuwa anga, na kijani kilichokolea kikiwa chini kinaupa mchoro mzima miguu ya kusimamia. Tena bendera haikai juu ya meza. Upande mmoja una mlingoti, kitu kigumu kisichotikisika, na upande wa pili ni kitambaa kinachopigwa na upepo. Kwa rai yangu jua limepelekwa mahali ambapo mlingoti ungepata mwenza wa kuukabili. Kila anayebuni kitu hana budi kujiuliza swali hilo la mlingoti, kwamba kitu changu kitashikwa wapi, kitaegemezwa wapi, na kitatazamwa na mtu aliye upande gani.

Mshonaji hulijua swali hili hata kama hajapata kulisikia. Kanga ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ndani ya mji, chini kidogo kuelekea pindo la chini, limekaa jina, yaani maneno yake. Ikitandazwa ukutani kwa mgeni wa makumbusho jina laonekana limeteremka mno. Lakini kanga haikuumbwa kwa ukuta, na ikifungwa mwilini jina hufika mahali linaposomeka na aliye nyuma, ambaye mara nyingi ndiye aliyekusudiwa. Kitenge, ambacho kwa wakazi wa Gisenyi na Goma ni vazi la kila shughuli, kina taabu yake nyingine, nayo ni ua kubwa. Mshonaji mwenye haraka hukata kitambaa palipo na nafasi, na mteja wake akatoka na ua moja kamili begani kushoto na robo ya ua kwenye kiuno cha kulia, kama aliyepigwa muhuri. Dawa yake ni kukitandaza kitambaa chote kabla ya kushika mkasi, kuutafuta mstari unaopita katika kitovu cha ua, na kuulaza mstari huo juu ya uti wa mgongo wa kipande cha nyuma. Kipande cha mbele, kikiwa na vifungo, kikatwe ili nusu mbili za ua zikutane pale pa kufungia. Njia hiyo hula kitambaa zaidi, na ni haki mteja aambiwe mapema. Akikataa kuongeza, mshauri achague kitenge cha nakshi ndogo ndogo zilizotawanyika sawa kila mahali, ambacho kwa kuwa hakina kitovu hakiwezi kukipoteza.

Agaseke yenyewe, na sahani za ususi zinazotundikwa ukutani, zina mizani ya tatu, ile inayoanzia kitovuni na kusambaa kama duara. Msusi huanza kwa kifundo kidogo cha nyasi, akakizungusha na kukishona kwa mkonge uliotiwa rangi, mzunguko juu ya mzunguko, na kosa linalofanywa leo kitovuni hujitokeza ukingoni baada ya wiki. Jambo linalowashinda wanaoanza ni kugawanya duara. Mtu huanza zigizaga nyeusi juu ya nyeupe kwa kukisia, meno saba ya kwanza yanapendeza, na la nane linakuta nafasi imebaki nusu; basi hulibana au hulitanua, na kikapu kizima kinaonekana kimeumwa na kitu upande mmoja. Kabla ya kuingiza rangi, chukua uzi, uuzungushe mara moja pale nakshi itakapoanzia, uukate kwa urefu huo huo, kisha uukunje nusu, na nusu tena, na nusu tena. Makunjo hayo yatakupa sehemu nane zilizo sawa bila ya kipimo chochote, nawe uziwekee alama kwa vijiti vyembamba vya nyasi na kuvifuata. Ukitaka meno kumi na mawili, kunja uzi sehemu tatu kwanza, ndipo uukunje nusu mara mbili. Kwenye kifuniko cha pia idadi ya meno ibaki ile ile mpaka juu, yakipungua upana tu, kwani kuacha jino moja njiani hukionyesha kifuniko kimepinda hata kama hakikupinda.

Katika imigongo, sanaa ya Gisaka, mashariki ya nchi, ambayo masimulizi huihusisha na Kakira mwana wa mfalme Kimenyi, na ambayo hata leo inafanywa na wanawake wa ushirika wenye jina la Kakira huko Nyakarambi, nataka tutazame jambo moja tu, nalo ni ugomvi wa nyeusi na nyeupe. Mchoraji huweka mistari ya mkaa juu ya ubao, akajenga matuta kwa vidole kwa samadi ya ngʼombe iliyochanganywa na majivu, akayaacha yakauke, akayasugua mpaka yakawa laini, ndipo akapaka: nyeupe ya udongo, nyekundu ya udongo, na nyeusi ambayo zamani ilitoka katika majivu ya maganda ya ndizi na utomvu wa shubiri. Sasa, cheupe kilichozungukwa na cheusi huonekana kipana kuliko cheusi cha upana ule ule kilichozungukwa na cheupe. Ni hadaa ya jicho, na wataalamu wa macho waliieleza toka karne ya 19. Kwa hiyo anayegawa ubao wake sawa kwa sawa, sentimita 3 nyeupe na sentimita 3 nyeusi, ataona nyeupe imevimba. Panua kidogo nyeusi, au punguza kidogo nyeupe, ukirudi nyuma hatua chache kila mara, mpaka macho yaseme zimelingana; rula itapinga, lakini rula haitanunua ubao huo. Ni vyema pia kutembelea Makumbusho ya Ethnografia ya Huye, yaliyofunguliwa 1989, ambako kazi za mikono za nchi hii zimewekwa pamoja. Na kijana wa Bugeshi mwenye kipaji asisahau kwamba Shule ya Sanaa ya Nyundo imo ndani ya wilaya yake mwenyewe.

Turudi kwenye kibao, maana ndicho kinacholipwa. Tuchukue bati la kawaida la sentimita 244 kwa 122, na ushirika wa wakulima unaotaka jina lake, picha ya viazi, kazi zake, na namba ya simu. Ligawe bati sehemu tatu kwa urefu. Picha ya gunia lililofunguka, lenye viazi vichache vilivyomwagika, ikae sehemu ya kushoto, chini kuliko juu, kwa sababu gunia lililopandishwa juu huonekana linaelea. Maandishi yote yaanzie mstari mmoja ulionyooka mwanzoni mwa sehemu ya pili, yakielekea kulia, na kila mstari uishie unapoishia pasipo kulazimishwa kufika ukingoni. Mafundi wa vibao wana kanuni ya kwamba herufi isomekayo bila taabu yahitaji kimo cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali, kwa hiyo atakaye kusomwa na mpita njia aliye mita 30 aipe herufi ya jina sentimita 25, na jina lililo refu aligawe mistari miwili kuliko kulikondesha. Namba ya simu yatosha nusu ya kimo hicho. Pambizo la chini liwe pana kuliko la juu, tuseme sentimita 13 chini na 10 juu, kwani kitovu ambacho jicho hukiona kiko juu kidogo ya kile kinachopatikana kwa rula, na fremu iliyopimwa sawa juu na chini huonekana imeteleza. Kama kuna mtu katika picha, aelekee maandishi; akielekea nje, mtazamaji humfuata akatoka naye kibaoni.

Lugha ni fumbo jingine, na huku mpakani hatuwezi kulikwepa. Toka Kiswahili kilipokubaliwa kuwa lugha rasmi mwaka 2017, Rwanda ina lugha nne rasmi, na wapo wenye maduka wanaozitaka zote juu ya bati moja, kila lugha kwa ukubwa ule ule ili asinungʼunike mtu. Uadilifu huo hauzai kibao, huzaa kelele. Chagua lugha moja iwe na sauti kubwa, kwa kumfikiria mnunuzi anayepita hapo zaidi, na nyingine ziwe chini yake kwa herufi nyembamba zenye rangi moja. Vilevile mwandishi wa vibao akumbuke kwamba jicho la msomaji huanzia pale alipozoea kuanzia kusoma. Hokusai wa Japani, ambaye watu wake walisoma kutoka kulia, aliliinua wimbi lake kubwa, katika picha yake mashuhuri ya miaka ya 1830, kutoka kushoto, na mlima Fuji akaufanya mdogo mno chini ya povu. Msomaji wa huko hulikuta wimbi linamjia usoni, na sisi tunaosoma kutoka kushoto tunalipanda kwa nyuma. Fuji ile ndogo, tulivu, nyeupe kichwani, ndiyo inayoyashika maji yote yasimwagike nje ya karatasi. Wazee wetu wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu huenda wangeiona picha hiyo kama walivyoiona Wajapani.

Kazi ikikaribia kwisha, ipime kwa njia ambazo hazigharimu kitu. Ipindue miguu juu: jicho lililokwisha kuzoea gunia na herufi litasahau maana yake na kubaki na uzito mtupu, na upande ulioelemewa utajifichua mara moja. Itazame katika kioo. Finya macho hadi maumbo yafifie, uone ni doa gani linalobaki la mwisho, na kama ndilo ulilotaka libaki. Wenye simu wapige picha na kuitazama ikiwa ndogo kama stempu, kwani kibao kisichoeleweka kwa ukubwa huo hakitaeleweka na abiria aliye ndani ya basi. Na papo mahali ambapo kuelemea ndiko kunakotakiwa: mchora vibonzo anayemsukuma mheshimiwa mnene kwenye pembe ya karatasi, hadi msomaji akahofia ataanguka nje ya gazeti, amekosa mizani kwa makusudi na kwa faida. Ila huyo anajua anachokivunja.

Inabaki taabu ya mteja, ambayo hakuna kitabu cha sanaa kinachoieleza. Utamchorea kibao chenye uwazi mzuri upande wa kulia, naye atauweka mkono wake pale pale na kusema, «Fundi, hapa pamebaki bure, niongezee sabuni na mafuta ya taa; mimi nimelipia bati lote.» Usibishane naye kwa maneno makubwa ya sanaa, wala usimdharau, maana kwake uwazi ni shamba lisilolimwa. Mchoree kwa penseli vibao viwili vya ukubwa wa daftari, kimoja kama atakavyo yeye na kimoja kama utakavyo wewe, uvibandike vyote ukutani mwa duka lake. Kisha mwombe avuke barabara pamoja nawe, ageuze kisogo, ageuke ghafula, na akutajie neno la kwanza aliloliona katika kila kimoja. Muulize na jirani yake, na mtoto anayepita. Wakilitaja jina la duka kwa kibao chako na wakasitasita kwa kile cha pili, atakuruhusu mwenyewe. Wakisitasita kwa vyote viwili, rudi ukapunguze herufi kabla hujafungua kopo la rangi.